Maisha ya Alan Turing: Mtafiti Aliyetanguliwa Mara Mbili

Mwanafunzi anayefuata shahada ya utafiti huwa na hofu nyingi, lakini moja huwapata karibu wote: kufungua jarida na kukuta kwamba swali lake limeshajibiwa na mtu mwingine. Alan Turing, Mwingereza ambaye jina lake hutajwa kila panapozungumzwa akili bandia, alipatwa na jambo hilo mara mbili kabla ya kutimiza miaka 24. Makala haya yanasimulia maisha yake, na yanakaa zaidi kwenye miaka yake ya masomo ya juu, kwa kuwa wengi wanamjua kwa vita na kwa kompyuta, lakini wachache wanajua alivyokuwa mwanafunzi wa utafiti.

Tunayaandika pia kwa sababu iliyo karibu nasi. Tangu mfumo wa LMD uingie vyuoni, neno utafiti liko midomoni mwetu zaidi kuliko zamani, na hapa Kalemie, kuanzia Katanika hadi bandarini, mwanafunzi wa lugha anaweza kujiuliza kama akili bandia ni uwanja wake au ni wa watu wenye mashine kubwa na umeme usiokatika. Maisha ya Turing yana jibu.

Utoto na shule

Alan Mathison Turing alizaliwa London tarehe 23 Juni 1912. Baba yake, Julius, alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni ya Uingereza nchini India. Mama yake, Ethel Sara, alikuwa binti wa mhandisi wa reli aliyefanya kazi hukohuko. Wazazi waliporudi India kikazi, Alan na kaka yake John waliachwa kwa walezi katika mji wa pwani kusini mwa Uingereza. Kwa hiyo alikua akiwaona wazazi wake kwa vipindi tu.

Mwaka 1926 alipelekwa shule ya bweni ya Sherborne. Muhula ulipoanza, Uingereza nzima ilikuwa katika mgomo mkuu na treni hazikutembea. Kijana huyo wa miaka 13 alipanda baiskeli kutoka bandari ya Southampton, akasafiri karibu kilomita 97, akalala njiani usiku mmoja na kufika shuleni. Huko hakupendwa sana na walimu. Shule ilithamini Kilatini na Kigiriki, naye alipenda hesabu na kemia. Mwandiko wake ulikuwa mbaya, na mara nyingi alifika kwenye jibu bila kuonyesha hatua zilizomfikisha.

Rafiki aliyembadilisha alikuwa Christopher Morcom, mwanafunzi wa darasa la juu yake, aliyependa sayansi na aliyeandika kazi zake kwa unadhifu. Kwa ajili yake Turing alijifunza kupanga mawazo. Februari 1930 Morcom alifariki kwa kifua kikuu. Turing aliendelea kumwandikia mama wa rafiki yake kwa miaka kadhaa, na katika maombolezo hayo akaanza kujiuliza akili ya mtu inakaaje mwilini, na kama inaweza kuwa mahali pengine. Swali hilo hakuliacha hadi mwisho.

Mara ya kwanza

Mwaka 1931 aliingia King's College, Cambridge, akamaliza shahada yake ya kwanza mwaka 1934 kwa daraja la juu kabisa. Ili achaguliwe kuwa mtafiti wa chuo mwenye posho, ilimbidi kuandika tasnifu. Alichagua swali la takwimu: kwa nini tukijumlisha matokeo mengi ya bahati, yasiyotegemeana, jumla hizo hujipanga kwa umbo la kengele, nyingi zikiwa katikati na chache pembeni? Alipata uthibitisho. Ndipo akajua kwamba Lindeberg, mwanahisabati wa Finland, alikuwa ameuchapisha tangu mwaka 1922.

Hakuificha habari hiyo. Aliruhusiwa kuiwasilisha kazi yake, kwa sababu ilionekana wazi kwamba alifika huko kwa miguu yake mwenyewe, na katika utangulizi alieleza kwamba ametanguliwa. Machi 1935, akiwa na miaka 22, chuo kilimchagua. Waliomchagua walipima uwezo wa kutembea peke yake hadi mahali pagumu, hata kama mwingine alikuwa ameshapapita.

Mara ya pili

Mwaka huohuo wa 1935 alihudhuria masomo ya Max Newman kuhusu misingi ya hisabati. Huko alikutana na swali lililoulizwa na Mjerumani David Hilbert: je, kuna njia ya uhakika, ya hatua kwa hatua, inayoweza kuchukua sentensi yoyote ya hisabati na kusema kama inathibitika au haithibitiki? Wengi walilitazama swali lenyewe. Turing aliona kwamba kuna neno moja ndani yake ambalo hakuna aliyelieleza: njia ya hatua kwa hatua ni nini hasa?

Jibu lake sisi wa lugha tunaweza kulielewa bila kuwa wanahisabati. Fikiria karani mwenye karatasi ya visanduku. Anatazama kisanduku kimoja kwa wakati. Anayo orodha fupi ya kanuni, na kila kanuni inasema: ukiwa katika hali hii, ukaona alama hii, andika alama ile, sogea kulia au kushoto, kisha ingia katika hali nyingine. Ndivyo upatanisho wa ngeli unavyofanya kazi. Anayesoma kutoka kushoto akikutana na kitabu, anaingia katika hali ya ki-, na akifika kwenye kivumishi anaandika kikubwa, akifika kwenye kitenzi anaandika kimeanguka. Karani hahitaji kujua kitabu ni nini. Anahitaji kukumbuka hali aliyomo tu. Turing alionyesha kwamba kila hesabu inayofanywa kwa kanuni inaweza kuvunjwa kuwa hatua ndogo za aina hiyo, na kwamba inawezekana kuwa na mashine moja inayosoma orodha ya kanuni za mashine nyingine yoyote na kufanya kazi yake. Wazo hilo la pili ndilo msingi wa kompyuta tuliyo nayo leo: kifaa kimoja, programu nyingi.

Kisha akauliza kama mashine kama hizo zinaweza kujua mapema mwenendo wa mashine zote. Akaonyesha kwamba haiwezekani, kwa sababu tungeweza kutengeneza mashine inayojiuliza habari zake yenyewe na kufanya kinyume cha jibu. Kwa hiyo njia aliyoitafuta Hilbert haipo.

Aprili 1936 Turing alimpa Newman makala yake. Wiki chache baadaye ikafika Cambridge makala ya Alonzo Church, profesa wa Princeton, Marekani, yenye hitimisho lilelile. Ilikuwa mara ya pili kutanguliwa, na safari hii kwa wiki tu, baada ya kazi ya mwaka mzima.

Kwa desturi, jarida lingeweza kukataa makala ya pili. Newman alishikilia kwamba njia ya Turing ilikuwa tofauti kabisa na ilistahili kuchapishwa. Church alikuwa ametumia lugha ya alama aliyoiunda, hesabu ya lambda. Turing alikuwa ameanza na mtu anayefanya kazi kwa kalamu na karatasi. Turing aliongeza kiambatisho kinachothibitisha kwamba njia zote mbili zinakubaliana, na London Mathematical Society ikaichapisha. Historia ilikuja kuonyesha thamani ya njia hiyo. Kurt Gödel, mwanamantiki mkubwa wa wakati ule, hakuridhishwa na maelezo ya Church, lakini aliridhishwa na ya Turing. Jibu lilikuwa moja. Aliyekuja wa pili ndiye aliyelieleza kwa namna iliyowashawishi watu.

Princeton, 1936 hadi 1938

Newman alifanya jambo jingine ambalo msimamizi mwema hulifanya. Alimwandikia Church, akamwomba ampokee kijana huyu, kwa kuwa alikuwa amefanya kazi peke yake mno na alihitaji kukaa na watu wa fani yake. Kwa maneno mengine, alimpeleka kwa mtu yuleyule aliyemtangulia.

Turing alisafiri kwa meli Septemba 1936. Aliomba ufadhili wa Procter akaukosa, hivyo mwaka wa kwanza aliishi kwa posho ya King's College, kwa kubana matumizi. Desemba alitoa mhadhara kuhusu mashine zake, na waliohudhuria walikuwa wachache. Makala yake ilipotoka, barua za kuiulizia zilikuwa za kuhesabika kwa vidole. Makala ambayo leo inahesabiwa kuwa mwanzo wa sayansi ya kompyuta ilipita kimya. Alikusudia kukaa mwaka mmoja tu. Alipopata ufadhili wa Procter kwa mwaka wa pili, aliamua kubaki na kukamilisha uzamivu.

Tasnifu yake ilihusu mifumo ya mantiki. Gödel alikuwa ameonyesha mwaka 1931 kwamba mfumo wowote wa kanuni za hesabu, kama haujipingi, huacha kweli fulani nje, bila kuweza kuzithibitisha. Turing aliuliza: tukiichukua kweli iliyoachwa nje na kuiongeza kama kanuni mpya, tukapata mfumo mpya wenye pengo jipya, tukaliziba nalo, tukaendelea hivyo bila mwisho, je, tutafika mahali ambapo hakuna pengo? Aligundua kwamba kwa aina fulani ya sentensi unaweza kufika, ila kwa gharama. Kuchagua hatua iliyo sahihi kunahitaji utambuzi ambao kanuni zenyewe hazitoi. Ugumu haukuondoka, ulihamia mahali pengine. Katika kurasa chache za tasnifu hiyo alitaja pia mashine inayoweza kumuuliza kahini, yaani kitu kinachojibu swali ambalo mashine ya kawaida haiwezi kulijibu, ili aone ni maswali gani yanabaki magumu hata hapo. Kutokana na kurasa hizo chache limekua tawi zima la utafiti.

Yeyote aliyewahi kusimamiwa atacheka kidogo akijua kwamba Turing alilalamika katika barua kuwa mapendekezo ya Church yameirefusha tasnifu kupita kiasi. Church alikuwa mwangalifu sana na alidai kila hatua iandikwe. Matokeo yalikuwa kazi iliyokamilika, ingawa ni ngumu kusoma kuliko makala ya 1936, kwa kuwa Turing aliandika kwa lugha ya alama za msimamizi wake. Hapa kuna faida na hasara kwa pamoja: alipata ukali wa hoja, akapoteza kidogo ile sauti yake ya karani na karatasi.

Katikati ya kazi hiyo alienda kwenye karakana ya idara ya fizikia na kujitengenezea sehemu ya mashine ya umeme ya kuzidisha namba, akifikiria maandishi ya siri. Mwaka 1938 alipewa shahada. John von Neumann alimtaka abaki kuwa msaidizi wake kwa dola 1,500 kwa mwaka. Alikataa, akarudi Uingereza Julai.

Vita na lugha

Tarehe 4 Septemba 1939, siku moja baada ya Uingereza kutangaza vita, alifika Bletchley Park, mahali pa siri pa kufumbua ujumbe wa Wajerumani uliofichwa kwa mashine ya Enigma. Hakuanza kutoka sifuri. Wanahisabati watatu wa Poland, Rejewski, Różycki na Zygalski, walikuwa wameivunja Enigma miaka kadhaa kabla, na Julai 1939 walikuwa wamewapa Waingereza siri zao. Kwa mara nyingine Turing alianzia pale wengine walipofika.

Mashine aliyoibuni, iitwayo Bombe, ilianza kazi mwaka 1940, ikiboreshwa na wazo la mwenzake Gordon Welchman. Msomaji wa lugha atapendezwa na namna ilivyolishwa. Wafumbuzi walikisia kipande cha maneno ambacho lazima kimo ndani ya ujumbe, kwa mfano taarifa ya hali ya hewa au salamu za kiofisi, kisha mashine ikajaribu mipangilio ya Enigma inayoweza kulingana na kipande hicho. Walisaidiwa na kasoro moja: Enigma haikugeuza herufi kuwa herufi ileile. Kwa hiyo mazoea ya watu katika kuandika barua rasmi, wakirudia maneno yaleyale kila siku, ndiyo yaliyofungua mlango. Hesabu ilifanya kazi juu ya elimu ya mtindo.

Swali la akili

Baada ya vita alibuni mpango wa kompyuta katika Maabara ya Taifa ya Fizikia ya Uingereza, kisha mwaka 1948 akahamia Manchester, aliko Newman. Mwaka huo aliandika ripoti kuhusu mashine zenye akili, akapendekeza mitandao ya vijisehemu vyepesi inayofundishwa kwa kuzawadiwa na kuadhibiwa. Ripoti hiyo haikuchapishwa akiwa hai.

Oktoba 1950 ilitoka makala yake maarufu katika jarida la falsafa liitwalo Mind. Swali la kama mashine inaweza kufikiri aliliona halina umbo, akalifanyia alivyolifanyia swali la Hilbert: alilibadilisha kuwa jambo linaloweza kujaribiwa. Muulizaji akae chumba kingine, aandikiane na mtu na mashine, kisha ajaribu kuwatofautisha kwa maandishi tu. Hakuna sura, hakuna sauti. Kipimo cha akili kikawa mazungumzo. Katika makala hiyohiyo alijibu pingamizi tisa, na akapendekeza kwamba badala ya kujenga akili ya mtu mzima tujenge ya mtoto, kisha tuifundishe.

Alikuwa na subira ya kupima mawazo hata pasipo mashine. Pamoja na rafiki yake David Champernowne alitunga kanuni za kucheza sataranji ambazo kompyuta za siku zile hazikuweza kuziendesha. Mwaka 1952 alizifuata mwenyewe kwa karatasi, akijifanya mashine. Kila hatua ilimchukua karibu nusu saa, na kanuni zake zikashindwa mchezo ule.

Naye akawa msimamizi. Robin Gandy aliandika uzamivu chini yake na kuumaliza mwaka 1953.

Mwisho wake

Katika Uingereza ya wakati ule uhusiano wa kimapenzi kati ya wanaume ulikuwa kosa la jinai. Mwaka 1952 nyumba ya Turing iliibiwa, akaenda polisi, na katika uchunguzi uhusiano wake na kijana mmoja ukajulikana. Aliyekwenda kama mlalamikaji alirudi akiwa mshtakiwa. Machi mwaka huo alihukumiwa, na ili asifungwe alikubali kuchomwa dawa za homoni kwa mwaka mmoja. Alinyimwa ruhusa ya kazi za siri. Aliendelea na utafiti, sasa juu ya namna mabaka na michirizi inavyojichora kwenye viumbe. Alifariki nyumbani kwake tarehe 7 Juni 1954 kwa sumu ya sayanidi, akiwa na miaka 41. Uchunguzi rasmi ulisema alijiua. Mama yake aliamini hadi mwisho kwamba ilikuwa ajali. Serikali ya Uingereza iliomba radhi mwaka 2009, na msamaha wa kifalme ukatolewa mwaka 2013. Nchi aliyoitumikia ilichukua zaidi ya nusu karne kulisema hilo.

Sisi tunajifunza nini

Turing alipokuwa Princeton, mji wetu uliitwa Albertville, na nchi yetu haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Lovanium ilifunguliwa Léopoldville mwaka 1954, mwaka aliofariki. Tukipima umbali kati yetu na akili bandia kwa miaka ya vyuo, ni mrefu. Tukiupima kwa zana alizotumia yeye mwaka 1936 na 1938, ni mfupi, kwa maana alikuwa na karatasi, kalamu, maktaba, mwalimu aliyemwamini na swali alilolikata vizuri.

Na maswali tunayo. Mashine za leo zimejifunza Kiswahili zaidi kutoka kwenye maandishi ya Tanzania na Kenya. Mtu wa kwetu anayesema batu mahali pa watu, mu nyumba mahali pa nyumbani, ku soko mahali pa sokoni, hafuati makosa ya ovyo. Anafuata kanuni, na kanuni hizo zinaweza kuandikwa kwa hali na alama kama za karani yule. Mchanganyiko wa Kiswahili, Kifaransa, Kitabwa na Kiluba unaosikika sokoni una mpaka ambapo lugha moja inaishia na nyingine kuanza. Mpaka huo uko wapi, na mzungumzaji anaujuaje? Hilo ni swali la tasnifu ya isimu, na pia ni swali la akili bandia. Kulianza hakuhitaji zaidi ya daftari, kinasa sauti cha simu na masikio ya mtu aliyekulia hapa.

Huenda mwanafunzi atakayelifuata akakuta kwamba mtu wa Lubumbashi, Dar es Salaam au Ulaya amemtangulia. Afanye alivyofanya Turing: aseme wazi kwamba ametanguliwa, aonyeshe njia yake inavyotofautiana, kisha amwandikie huyo aliyemtangulia na kuomba kufanya naye kazi.